Mtoto Mwenye Namba B-2930

Katika kambi za maangamizi ambazo serikali ya Adolf Hitler ilizijenga katika ardhi ya Poland, palikuwa na kanuni juu ya watoto wa Kiyahudi ambayo haikuandikwa langoni wala haikuhitaji kuandikwa: mtoto asiyeweza kufanya kazi hakustahili mkate, na kwa hiyo alipoteremshwa kutoka katika behewa alipelekwa moja kwa moja, pamoja na mama aliyemshika mkono na bibi aliyewafuata nyuma, kwenye chumba cha gesi ya sumu. Kati ya Wayahudi wapatao milioni 6 waliouawa Ulaya katika miaka ile, watoto walikaribia milioni 1 na nusu. Basi mtoto aliyeingia Auschwitz akiwa na umri wa miaka 10, akatoka hai, alikuwa ameivunja kanuni ya mahali pale kwa kule kuvuta pumzi tu. Na mtu anayetaka kujua mauti yale yalivyofanya kazi hawezi kupata mwalimu bora kuliko habari za mtoto wa namna hiyo, kwa kuwa kila mlango aliopenya yeye ulikuwa umefungwa mbele ya maelfu ya wenziwe.

Jina lake lilikuwa Thomas Buergenthal. Alizaliwa tarehe 11 Mei 1934 katika mji mdogo wa Ľubochňa, ulioko milimani katika nchi iliyoitwa wakati huo Chekoslovakia, ambako baba yake, Mundek, Myahudi wa asili ya Poland aliyekuwa akifanya kazi ya benki mjini Berlin, alihamia Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, akafungua hoteli ya wageni. Mama yake, Gerda, alikuwa binti wa mwenye duka la viatu katika mji wa Göttingen, Ujerumani, naye alifika hotelini hapo kupumzika; kabla ya wiki kupita walikuwa wamekwisha kuposana. Nyumba yao ilizungumza Kijerumani, jambo ambalo baadaye, kama tutakavyoona, lilikuja kuwa na thamani kuliko mali yoyote waliyonyang'anywa.

Walinyang'anywa mapema. Wafuasi wa chama cha kifashisti cha Slovakia waliitwaa hoteli, na jamaa ile ikaanza kuhangaika kutoka mji hata mji ikitafuta njia ya kutokea. Kuna watu, hata hivi leo, wanaouliza kwa nini Wayahudi wa Ulaya hawakukimbia mapema, na swali hilo huulizwa kwa wepesi ambao haustahili mbele ya misiba kama hii. Buergenthal baba alikimbia Ujerumani, akakimbia Slovakia, akaingia Poland, akahangaikia vibali vya kwenda Uingereza hata akavipata. Na siku ya tarehe 1 Septemba 1939, yeye na mkewe na mtoto wao wa miaka mitano wakiwa tayari wamo garimoshini, ndege za Ujerumani zikaanza kuimiminia Poland mabomu, na treni ile haikufika ilikokuwa ikienda. Wakashuka, wakaungana na msafara wa wakimbizi, wakakokota miguu hata mji wa Kielce, na huko vita vikawakuta na kuwapita, wakabaki nyuma ya mstari wa adui.

Mjini Kielce Wajerumani waliwakusanya Wayahudi katika mtaa mmoja uliozungushiwa ua, wakawabana humo kwa njaa na homa ya chawa, na mwezi wa Agosti 1942 wakaufunga mtaa huo na kuwapakia katika mabehewa watu wapatao 20,000 kwa siku chache tu, wakawapeleka kambi ya Treblinka kuuawa. Waliobakizwa ni wale waliohesabiwa kuwa na faida kazini, na Mundek alikuwa miongoni mwao. Nyumba yao ya chumba kimoja ikapokea watoto wawili yatima, kaka na dada, ambao wazazi wao walikuwa wamechukuliwa, na Thomas, ambaye hakuwa na ndugu wa kuzaliwa naye, kwa muda mfupi akawa na ndugu.

Asubuhi moja ya mwaka 1943 askari waliizunguka kambi ya kazi walimowekwa waliobakizwa, wakaanza kuwapokonya wazazi watoto wao mikononi. Mundek akamshika mwanawe mkono, akaenda naye mpaka mbele ya afisa aliyekuwa akiamuru shughuli ile, na mtoto, ambaye alikuwa na miaka tisa, akamtazama afisa usoni akamwambia kwa Kijerumani fasaha, kwa adabu ya askari anayemwambia mkuu wake, kwamba yeye anaweza kufanya kazi. Afisa akajibu kwamba hilo litaonekana, akampungia mkono apite. Wale watoto yatima wawili walichukuliwa pamoja na wengine hata makaburini, na huko wakauawa.

Ningependa msomaji asimame kidogo hapa, kwa sababu ni rahisi kusema kwamba mtoto huyu aliponywa na akili yake. Akili alikuwa nayo, tena nyingi. Lakini wale wawili huenda wangalisema maneno yale yale kama wangaliijua lugha ya afisa, na afisa mwingine, au afisa yule yule aliyelala vibaya usiku ule, angaliyasikia maneno hayo na kumpeleka Thomas makaburini vilevile. Utawala uliokabidhi uhai wa mtoto kwa ridhaa ya mtu mmoja aliyevaa sare ulikuwa umekwisha kuifuta sheria, na pasipo sheria hakuna ushujaa wala ujinga unaoweza kupimwa kwa haki. Thomas mwenyewe alilijua jambo hilo maisha yake yote, na kila alipoulizwa jinsi alivyookoka alijibu kwamba alikuwa na bahati.

Baada ya hapo aliwekwa katika kiwanda cha mbao kuwa tarishi wa msimamizi wa Kijerumani, akikaa nje ya mlango wa ofisi kungoja kutumwa, na kazi hiyo akaigeuza kuwa ulinzi: msimamizi alipoinuka kwenda kukagua, mtoto alitangulia mbio kuwaonya wafanyakazi, ili asimkute yeyote amepumzika akampiga.

Mwanzoni mwa Agosti 1944 wakahamishiwa Auschwitz. Kambi ile, pamoja na tawi lake kubwa la Birkenau, ilimeza watu wapatao milioni 1.1 kati ya milioni 1.3 waliopelekwa humo, na desturi ilikuwa kwamba kila treni iliyofika ilipokewa na madaktari wa SS, jeshi la chama cha Hitler lililoendesha kambi, ambao kwa ishara ya kidole waliwatenga wenye nguvu upande mmoja na wazee, wagonjwa na watoto upande wa pili. Treni ya Kielce haikufanyiwa mchujo huo. Ilitoka kambi ya kazi, na yaelekea walioipokea walidhani kwamba watoto wote wa huko walikuwa wamekwisha kumalizwa, wakaona hakuna haja ya kutazama. Hivyo Thomas akapita, akanyolewa, akachanjwa mkononi namba B-2930, na baba yake aliyekuwa nyuma yake akachanjwa B-2931. Mama alitengwa nao akapelekwa kambi ya wanawake. Wakalazwa katika mabanda yaliyokuwa ya Waroma, watu waliozoea kuitwa Wajipsi, ambao zaidi ya 4,000 kati yao, waume kwa wake na watoto, walikuwa wameuawa kwa usiku mmoja tu, wa tarehe 2 Agosti.

Maarifa ya kuishi mahali hapo baba aliyajifunza kwa kutazama, akamfundisha mwanawe kama vile baba wengine wanavyofundisha watoto wao kuogelea. Aliona kwamba mahabusu walipangwa safu kila siku mbele ya banda wahesabiwe, na kwamba mchujo wa kuwatoa dhaifu ulifuata baada ya hesabu, wala si kabla yake; aliona pia kwamba hesabu ikikwisha kutimia, hapana mtu aliyeangalia tena kama kila aliyehesabiwa bado amesimama pale pale. Basi akamwagiza mtoto asimame katika safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango wa banda, na pindi hesabu ikimalizika na harufu ya mchujo ikisikika, ateleze ndani kimya na kujificha mpaka waondoke. Kwa njia hiyo mtoto wa miaka 10 akapita michujo kadhaa bila ya kuonekana na daktari yeyote. Alimwona mama yake mara moja tu katika siku zile, ng'ambo ya seng'enge, naye amenyolewa nywele.

Mwisho wa Oktoba hila ile haikufaa tena. Mchujo ulifanywa ndani ya banda, mtu mmoja mmoja, na baba akapungiwa upande wa kazi, mtoto upande wa pili. Hawakuonana tena; Mundek alipelekwa Sachsenhausen, kisha Buchenwald, na huko akafa kwa ugonjwa wa mapafu mwezi wa Januari 1945, miezi mitatu tu kabla ya kambi hiyo kukombolewa.

Wale waliohukumiwa pamoja na Thomas walikuwa wachache mno kuipatia gesi kazi, na kwa kuwa wauaji walikuwa watu wa hesabu wasiopenda kupoteza, waliwaweka kwanza katika banda la wagonjwa mpaka idadi itakapotosha. Kila mmoja alikuwa na kadi yake, na kadi za waliohukumiwa ziliwekwa alama ya msalaba mwekundu. Usiku mmoja gari likaja likawachukua. Asubuhi mtoto alipoamka akakuta vitanda ni vitupu na yeye yupo. Daktari kijana wa Kipoland, mfungwa kama yeye, alikuwa ameichana kadi yenye alama na kumwandikia nyingine isiyo na alama. Kitendo hicho cha kalamu na kipande cha karatasi, ambacho kama kingegunduliwa kingalimgharimu daktari yule maisha yake, kilitosha kuibatilisha hukumu, na mimi sijui mfano ulio wazi zaidi wa jinsi mashine ile kubwa ya mauti, pamoja na treni zake na matanuri yake, ilivyotegemea makaratasi, na jinsi mtu mmoja aliyekaa karibu na makaratasi hayo alivyoweza, kwa nafsi moja, kuizuia.

Januari 1945 majeshi ya Urusi yalikaribia, na SS wakawatoa mahabusu wapatao 60,000 wa Auschwitz na kambi zilizoizunguka, wakawaendesha kwa miguu kuelekea magharibi katika theluji. Aliyeanguka, au aliyekaa kupumzika, alipigwa risasi. Thomas na rafiki zake wawili wa rika moja walitangulizwa mbele ya msafara pamoja na watoto wengine, na walipochoka wakazua namna yao ya kupumzika: walikimbia mpaka mbele kabisa, kisha wakasimama au wakajikokota polepole huku msafara ukiwapita, na mkia wake ulipokaribia kuwafikia, mahali ambapo bunduki zilikuwa zikilia, wakakimbia tena mbele. Walitembea siku tatu hata Gliwice. Huko wakapakiwa katika mabehewa ya wazi, yasiyo na paa, watu wamesimama wamebanana hata mtu hawezi kuinama. Walipoanza kufa nafasi ikapatikana, na walio hai wakala theluji kwa kuwa hapakuwa na kingine.

Treni ilipopita katika nchi ya Wacheki likatokea jambo ambalo Buergenthal alilisimulia hata uzeeni mwake kwa shukrani isiyopungua. Reli ilipopita chini ya madaraja, watu wa kawaida, wanaume na wanawake waliokuwa wakienda makazini, walisimama juu ya madaraja hayo wakatupa mikate ndani ya mabehewa. Halikuwa daraja moja wala mji mmoja. Hao nao walikuwa chini ya utawala wa Wajerumani, mkate wao ulikuwa wa mgao kwa kadi, na askari wenye silaha walikuwamo katika treni. Yeye aliamini kwamba pasipo mikate ile asingalifika.

Alifika Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, baada ya siku zipatazo kumi, miguu yake imeunguzwa na baridi, na madaktari wa wafungwa wakamkata vidole viwili. Katika hospitali ya kambi akazuriwa na mfungwa wa Kinorwe aitwaye Odd Nansen, mwana wa Fridtjof Nansen, yule msafiri wa bahari za barafu aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1922 kwa kuwahudumia wakimbizi. Wanorwe kambini walikuwa wakipokea vifurushi vya chakula, na Nansen alimletea mtoto biskuti na siagi, akampatia penseli na kitabu cha picha, na jambo lililo kubwa zaidi, akawahonga wauguzi kwa tumbaku ili wamlinde jina lake lisiingie katika orodha ya wanaotolewa. Usiku Nansen aliandika kwa siri shajara ya maisha ya kambini, juu ya karatasi nyembamba alizozificha ndani ya mbao za kukatia mkate zilizochimbwa katikati, na katika shajara hiyo akamwandika mtoto huyu. Machi 1945 Wanorwe walichukuliwa na mabasi meupe ya Msalaba Mwekundu wa Sweden. Nansen akaondoka akiwa na yakini kwamba hatamwona tena.

Mwezi mmoja baadaye SS wakawahamisha wote waliokuwa na uwezo wa kutembea, wakawaacha wagonjwa. Tarehe 22 Aprili 1945 askari wa Urusi na wa Poland wakaingia. Thomas alikuwa bado kutimiza miaka 11. Kikosi kimoja cha Wapoland kilimchukua, kikamshonea sare ya kimo chake, akafuatana nacho mpaka Berlin. Kisha akapelekwa katika nyumba ya mayatima wa Kiyahudi huko Otwock, karibu na Warsaw, na hapo ndipo alipoketi darasani mara ya kwanza.

Mama yake alikuwa hai. Alikuwa amepita kambi ya Ravensbrück, akarudi kumtafuta, asimpate, akaenda Göttingen alikozaliwa, akaandika barua kwa kila shirika lililokuwa na orodha ya majina. Kila aliyemjua alimsihi akubali kwamba mtoto wa umri ule hakuweza kupona. Yeye alikataa, maana mpiga ramli mmoja alikuwa amemwambia zamani kwamba mwanawe ni mtoto wa bahati, na katika dunia iliyokuwa haina hoja nyingine ya kushikilia aliishikilia hiyo. Majina yao yakakutana hatimaye katika orodha za Wakala wa Kiyahudi, kwa macho ya karani aliyekumbuka kwamba jina analolisoma katika orodha ya mayatima alikwisha kulisoma katika orodha ya watoto wanaotafutwa. Mwisho wa Desemba 1946 mama na mwana wakaonana, baada ya miaka miwili na zaidi.

Katika Göttingen yule mtoto alikuwa akisimama rosheni Jumapili, akiwatazama Wajerumani wakitembea na wake zao na watoto wao kwa raha, na moyoni mwake akatamani awe na bunduki ya rashasha awafyatulie. Aliliandika jambo hilo waziwazi katika kitabu alichokuja kuandika juu ya maisha yake, wala hakulipamba. Chuki hiyo ilichukua muda kupoa, na ilipoa kwa kuwajua watu mmoja mmoja. Hakika ni kwamba alipohamia Marekani mwaka 1951 na kuanza masomo, alichagua sheria, na katika sheria akachagua ile tanzu iliyokuwa bado changa, ya haki ambazo mtu anazo hata mbele ya serikali yake mwenyewe.

Kuanzia mwaka 1979 alikuwa hakimu katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya mabara ya Amerika, na mwaka 1988 alikuwamo katika jopo lililoihukumu serikali ya Honduras kwa kutoweka kwa mwanafunzi Manfredo Velásquez. Serikali ilisema haina habari zake; mahakama ikasema kwamba nchi ambayo watu hutoweshwa humo kwa mpango haiwezi kujificha nyuma ya kutokuwa na habari, na kwamba jamaa wana haki ya kuelezwa. Mtu anayemkumbuka Gerda na barua zake ataelewa kwa nini hukumu hiyo ilikuwa karibu na moyo wa hakimu huyu.

Kutoka mwaka 2000 hata 2010 alikaa katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague, na humo shauri moja lilitoka kwetu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliishtaki Uganda kwa vitendo vya majeshi yake katika ardhi ya Kongo, kuanzia Ituri mpaka Kisangani, na tarehe 19 Desemba 2005 mahakama ikatoa hukumu kwamba majeshi hayo yaliua na kutesa raia, yaliteketeza vijiji, na yaliwafundisha watoto kazi ya uaskari. Kifungu hicho kilipita kwa kura 16 dhidi ya moja, na iliyopinga ilikuwa ya James Kateka wa Tanzania, aliyeteuliwa na Uganda kwa shauri hilo. Miongoni mwa wale 16 alikuwa mtu ambaye miaka 60 kabla yake alivaa sare ya askari aliyoshonewa kwa kimo cha mtoto. Fidia ilichelewa sana: mwezi wa Februari 2022 ndipo mahakama ilipoiagiza Uganda ilipe dola milioni 325, na kati ya hizo milioni 225 kwa madhara yaliyowapata watu. Buergenthal alikuwa amekwisha kustaafu akiishi Marekani, naye akafariki dunia tarehe 29 Mei 2023, akiwa na umri wa miaka 89.